Depresio au bipolari? Kilibula, swali linakuja kabla ya picha ya ubongo

Mtu akijifungia ndani wiki tatu, hataki kula, halali, haongei na mtu, majirani wa kata ya Kilibula hapa Uvira wana majina mengi ya kumpa: mawazo, mapepo, amelogwa. Akifikishwa kwa muganga, jina linaweza kuwa moja tu: depresio. Lakini kuna ugonjwa mwingine, bipolari, ambao mgonjwa wake akiwa ameshuka anafanana kabisa na huyo.

Tofauti iko katika siku zile nyingine. Mwenye bipolari kuna wakati anapanda: analala masaa mawili na haoni uchovu, anaongea mbio mbio, anamaliza mtaji wote wa biashara kwa siku moja, anajiona hakuna wa kumuweza. Wakati huo yeye hajioni mgonjwa, na nyumbani wanaweza hata kufurahi kwamba amepona. Muganga anamuona akiisha kushuka tena, na habari za kupanda hakuna anayezisema.

Kukosea hapa kunaumiza. Dawa za depresio zikitolewa peke yake kwa mwenye bipolari zinaweza kumrusha juu, arudi kwenye vurugu. Yeye anahitaji dawa ya kusawazisha hali, kama litiumu, ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza faida yake mwaka 1949, ama valproati, ama karbamazepini.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta alama ndani ya kichwa chenyewe. Mwaka 2013 kundi moja la watafiti, wakiwemo wa Pittsburgh, Marekani, lilitoa matokeo juu ya wanawake 54: 18 wenye bipolari, 18 wenye depresio inayorudi rudi, na 18 wazima. Mashine ya IRM, ile ya sumaku, ilipima jinsi damu inavyopita katika sehemu ndogo ya mbele ya ubongo inayohusika na hisia. Kompyuta ikapewa kazi ya kutenganisha magonjwa hayo mawili. Ilipatia kwa asilimia 81.

Inavutia, ila tuhesabu vizuri. Wagonjwa walikuwa 36 tu, wote wanawake, na karibu mmoja kati ya watano aliwekwa upande usio wake. Tena kompyuta ilijifunza kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikwisha kujulikana kwa njia ya zamani: kuwauliza maswali. Mpaka leo, hata katika nchi zenye mashine nyingi, IRM haitumiwi kwa kawaida kuamua kama mtu ana depresio ama bipolari. Inasaidia pale muganga anapohofia uvimbe au damu iliyovuja kichwani.

Kwa hiyo familia inayofikiri kuuza kiwanja ili mgonjwa apigwe picha, ianze na kumbukumbu zake. Je, kuna wakati alikosa usingizi siku nyingi akiwa na nguvu? Alikopa pesa ovyo? Kuna baba mdogo au shangazi aliyekuwa hivyo? Bipolari inatembea katika ukoo. Mama au dada anayelala nyumba moja na mgonjwa ndiye ameona hayo yote, basi aingie naye kwa muganga, na aandike siku za kupanda na za kushuka.

Kuna kituo cha Sosame kule Bukavu, kilichoanza 1994, na kile cha Kamenge mjini Bujumbura, karibu zaidi na Uvira mpaka ukiwa wazi. Vyote viko chini ya mabruda wa Frères de la Charité.

Anayepewa litiumu lazima damu yake ipimwe mara kwa mara, maana ikizidi ni sumu. Mwanamke anayeweza kubeba mimba amwambie muganga kabla ya valproati, kwa kuwa inaweza kumharibu mtoto tumboni. Na mgonjwa akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.