Mshipa wa Kiuno Hauhami

Maswali ya wasomaji wa Arusha, hasa madereva wa bodaboda Ngaramtoni na akina mama wabeba ndizi wa Tengeru, yanafanana: maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka kalioni hadi kisiginoni, na mtu keshaambiwa "mshipa umehama".

Neva haihami. Ila kwa baadhi yetu ilijipitia njia yake tangu tumboni mwa mama. Neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, kwa kweli ni mbili, ya tibia na ya peronea, ndani ya ganda moja kama nyaya za umeme. Kwa kawaida hupita pamoja chini ya msuli wa pirifomisi, uliojificha ndani ya kalio, na kuachana karibu na goti. Kumbe wapo ambao zimeachana tangu nyongani: ya peronea inautoboa msuli katikati, ya tibia inapita chini yake. Wengine, moja inapanda juu ya msuli, nyingine inabaki chini. Wanaanatomia Beaton na Anson walizipanga njia hizo katika makundi sita mwaka 1937.

Je, ndicho kinachouma? Mwaka 2010 mtafiti Smoll alijumlisha tafiti za maiti zaidi ya 6,000: njia zisizo za kawaida zilikuwa asilimia 16.9. Kwa waliopasuliwa kwa maumivu ya pirifomisi, 16.2. Yaani hakuna tofauti. Mara nyingi mkosaji ni diski ya mgongo inayobana mzizi wa neva.

Sasa wanaonadi mafuta ya "kurudisha mshipa" kwa vipaza sauti wanaurudisha wapi? Mkoa huu ulishapanga foleni Samunge mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa ya "miujiza" cha shilingi 500, ningedhani tumeshiba. Neva iko chini ya nyama nene ya kalio, mafuta hayafiki.

Anayepaswa kuzijua njia hizi ni daktari wa usingizi, maana dawa ya ganzi inaweza kuipata neva moja na kuiacha nyingine macho, pamoja na mpasuaji wa nyonga na mchoma sindano. Uganda, ripoti ya 1999 ilieleza watoto waliopooza mguu baada ya sindano za kwinini makalioni. Ya peronea, iliyo upande wa nje, huumia kwanza. Unyayo hulegea, vidole vikaburuzika. Mtoto mdogo achomwe pajani.

Maumivu ya kawaida: usilale kutwa, tembea, wengi hupona kwa wiki kadhaa. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo usiozuilika au unyayo uliolegea ghafla: nenda Hospitali ya Mount Meru siku hiyohiyo.