Mama Asome Kwanza

Mizani ya wodi ya njiti imegeuzwa. Upande wenye namba unamwelekea mama, na muuguzi anayepima inambidi azunguke meza au ainame ili aone kilichoandikwa. Nilidhani imewekwa vibaya, mpaka mfanya usafi alipoisogeza na muuguzi akairudisha vilevile ilivyokuwa.

"Mama asome kwanza," aliniambia bila hata kunitazama. "Mimi nitaandika atakachonisomea."

Nilikuwa nimefika katika hospitali hii ya rufaa, mkoa mmoja wa kusini, kufuatilia habari ya umeme na mashine za oksijeni. Habari hiyo niliiandika, ikatoka, ikasahaulika. Hili la mizani ndilo lililonikalia kichwani, nikaomba ruhusa ya kurudi wodini. Muuguzi mwenyewe hakutaka jina lake litajwe, kwa kuwa yeye si msemaji wa hospitali. Basi nitamwita kama kina mama wanavyomwita: Sista.

Upimaji huanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya maziwa. Mama hufungua khanga, humtoa mtoto kifuani, humvua nepi, soksi na kofia. Sista hutandika kitambaa safi juu ya mizani, kisha huirudisha sifuri, ili uzito wa kitambaa usihesabiwe. Husugua viganja vyake na kuviweka shingoni mwake kidogo. Vikishapata joto ndipo humpokea mtoto. Kama mtoto ana mrija wa kulishia puani, ncha yake huinuliwa kwa vidole viwili, maana katika mwili wa kilo moja na kitu hata mrija unaweza kudanganya.

Mtoto akilazwa, namba huhangaika. Anatupa mguu, inapanda, anatulia, inashuka. Hakuna anayesema neno. Ikisimama, Sista humtazama mama, si mizani.

"Elfu moja, mia tatu, arobaini," alisoma mama mmoja kijana, mtu wa vijiji vya Newala, huku akifuata tarakimu kwa kidole.

Jana yake ilikuwa 1,355. Alijua, kwa sababu aliisoma mwenyewe. Midomo ilianza kumtetemeka. Sista aliandika, akamrudisha mtoto kifuani kwa mama, akamvalisha kofia, kisha ndipo akauliza.

"Tangu jana jioni amekunywa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ilitakiwa mara ngapi?"

"Sita. Maziwa hayakutoka, Sista."

"Na wewe jana ulikula nini?"

"Uji."

"Wa saa ngapi?"

"Wa asubuhi."

Sista aligeukia kabati, akatoa chupa ya chai na viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye mfuko. Ilikuwa staftahi yake. Mama alikula akiwa amesimama, mtoto kifuani, na mazungumzo ya gramu 15 zilizopotea yakahamia kwenye mambo mengine: nani amebaki na mtoto mkubwa nyumbani, nani anaokota korosho, simu ya baba ina chaji au haina.

Zamani Sista hakufanya hivi. Alipita kitanda hadi kitanda akitangaza uzito kwa sauti, kila mama akisikia wa mwenzake. Waliopanda walipigiwa makofi. "Nilidhani nawatia moyo," alisema. "Siku moja nikatangaza mtoto wa mama fulani kashuka gramu 20. Hakusema kitu. Jioni nikakuta kitanda kitupu. Katoka na mtoto, kapita getini kama mtu anayekwenda kununua maji."

Alirudi?

"Hakurudi. Namba ya simu aliyotuachia ilikuwa ya jirani, na jirani akasema wamehama." Akanyamaza, akakunja karatasi. "Watu walisema hana akili. Yule mama alikuwa na akili timamu. Mbele ya wenzake wote nilimwambia maziwa yake hayafai. Sikutamka hivyo, lakini ndivyo alivyosikia."

Jambo ambalo yule mama hakuambiwa mapema, Sista sasa hulieleza siku ya kwanza. Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo. Njiti anaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito aliozaliwa nao, na huurejesha katika wiki mbili hivi. Baada ya hapo hutarajiwa kuongezeka takriban gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu hizo ni gramu 22 au 23, na haja ndogo moja inatosha kuficha sehemu yake.

Vipi kwa mama asiyejua kusoma? Sista alicheka. "Nani asiyejua pesa? Hata ambaye hakukanyaga shule anajua noti ya elfu mbili na ya elfu tano. Namfundisha tarakimu kwa siku mbili, namwambia hizi ni shilingi za mwanao." Ndiyo maana wodini utasikia mama akimtania mwenzake kwamba leo wa kwake "kaleta thelathini", na mwingine akijibu kwamba wake "anadaiwa kumi".

Utaratibu wenyewe wa kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wasomaji wengi wanaujua kama kangaroo. Ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale Dkt. Edgar Rey alipokuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Kwa miaka mingi ulichukuliwa kama njia ya mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ikiwamo Muhimbili, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto akae kifuani kati ya saa 8 na 24 kila siku.

Isome tena namba hiyo ya mwisho ukiwa upande wa mama. Saa 24. Analala ameegemea mto, anakula ameegemea mto. Upindo wa juu wa khanga uwe chini ya sikio la mtoto, kichwa kigeuzwe upande, miguu ikunjwe. Akitaka kuoga, nani ampokee? Kisera, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Sahani ya mama, katika wodi hii, ni juu ya ndugu zake. Na sheria za kazi zilizorekebishwa na kuanza kutumika mwaka 2025, ambazo zimemwongezea likizo mwajiriwa anayejifungua njiti, hazimgusi mwanamke ambaye mwajiri wake ni shamba la mikorosho la mumewe.

Kwa hiyo Sista hutafuta ndugu. Hiyo ndiyo kazi yake ya pili, isiyoandikwa popote. Saa ya kutazama wagonjwa alifika mama mkwe wa yule binti wa Newala, mwanamke mrefu, kapu mkononi, uso umekunjamana. Alimwangalia mjukuu kwa mbali.

"Ukoo wetu haujapata kuzaa mtoto wa namna hii," alisema.

Sista aliinama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole na safari. Mkamwana wako hajaoga tangu jana. Nawa mikono, ukae hapa, nikuazime mjukuu."

Hakumbishia kuhusu ukoo wala hakumhubiria. Bibi alinawa, akakaa, akalegeza blauzi kwa aibu. Sista akamweka mtoto, akafunga khanga, akakaza fundo, akaondoka kwenda kwa mwingine. Binti alikwenda kuoga, akakawia. Aliporudi, bibi hakuwa na haraka ya kumrudisha mtoto. Alitaka kujua hizo namba za asubuhi zinasomwaje.

"Mama mkwe akishamshika, mimi nimepata msaidizi," Sista aliniambia. "Asipomshika, anarudi kijijini na maneno. Maneno yake yatamfikia baba kabla sijampigia simu."

Baba naye alipigiwa, kwa salio la Sista. "Baba, hujambo? Mwanao anaendelea. Nina ombi moja: mpe mama yako ruhusa akae wiki moja. Korosho utaokota na jirani." Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, nao ulijaa "ndiyo baba" na "naelewa baba" kwa dakika kadhaa.

Si kila mtu wodini anakubaliana naye. Muuguzi kijana aliyeajiriwa karibuni, anayemheshimu Sista waziwazi, alinivuta pembeni. Siku ile walikuwamo watoto 19. "Ukimpa kila mama dakika tano za kusoma na kuulizwa kala nini, hiyo ni saa moja na dakika 35," alisema. "Bado dawa, bado dripu, bado yule aliyebadilika rangi usiku. Nikiwa peke yangu nitasoma namba mwenyewe na nitakwenda. Nifanyeje?"

Nilimpelekea Sista swali hilo nikitarajia atetee njia yake. Hakuitetea. "Ana haki," alisema. "Mimi naingia saa kumi na moja alfajiri, zamu yangu inaanza saa moja na nusu. Hizo dakika anazozihesabu natoa kwangu. Siwezi kumwamuru mtoto wa watu atoe za kwake."

Mwakani anatimiza miaka 60 na kustaafu. Nilimuuliza kiongozi wa wodi kama upimaji wa namna hii utaingizwa katika utaratibu rasmi. Alisema ni jambo zuri na linahitaji watumishi, kisha akarudia sehemu ya pili. Sista, niliyekwenda kumuaga, alikuwa akijaza ripoti ya zamu.

"Usiandike kwamba nina huruma," alisema. "Andika kwamba tuko wawili."