Mzigo Usioonekana wa Mpiga Picha za Arusi

Arusini watu wote huja kufurahi, ila mpishi na mpiga picha. Taabu ya mpishi yajulikana, kwani moshi na jasho humshuhudia. Lakini mpiga picha amevaa nguo safi, asimama karibu na maarusi, na watu humdhania kuwa ni mgeni kama wao. Taabu yake imo akilini, na kwa hivyo ni wachache waipimao.

Tazameni, ndugu wasomaji, saa ya kufunga nikahi. Walii huozesha na bwana arusi hukubali, yote kwa pumzi chache, wala hayarudiwi kwa ajili ya kamera. Basi yampasa mpiga picha ajue mapema walii atakaa wapi na nuru yatoka dirisha lipi. Huku aangalia mikono inayoshikana, na huku amtafuta babu anayefuta machozi pembeni. Moyoni ana hesabu nyingine: betri imebakia kiasi gani, na kadi imejaa kiasi gani. Na hali hii huweza kuendelea mchana kutwa hadi usiku.

Hata picha ya jamaa waliosimama pamoja ina hesabu yake. Mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia walipewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati kwa kukokotoa picha ngapi zipigwe ili ipatikane moja ambayo hapana aliyefumba macho. Kwa kundi lisilofika watu 20, penye mwanga mzuri, igawe idadi yao kwa 3. Watu 18, basi, wataka picha 6. Na katika zote sita yeye ndiye wa kuwatuliza watoto na kuwasubiri wazee.

Tena, kupiga picha si sawa na kushuhudia. Mwaka 2014 Linda Henkel wa Marekani alitangaza uchunguzi wake: watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka vichache kuliko walivyovitazama kwa macho tu. Lakini waliosogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu hawakupatwa na upungufu huo. Uchunguzi huo haukuwa wa arusi, lakini watufunza kwamba kamera haimkumbukii aishikaye.

Uko na mzigo wa amana. Katika sherehe za kupamba za Mombasa, ambazo ni za wanawake watupu, mpiga picha mwanamke hurudi kwake na sura za mama na dada za watu wasiojisitiri. Kila picha ni siri aliyowekewa. Yampasa azilinde, asimwonyeshe mumewe wala rafikiye, wala asizitie katika matangazo ya kazi yake bila ya ruhusa.

Basi enyi wenye arusi, mpeni mpangilio wa shughuli siku chache mbele. Mwekeeni jamaa mmoja awajuaye wazee. Mpeni chakula na nafasi ya kuketi, msimzibe kwa simu zenu, na ujira wake msiucheleweshe.

Nanyi vijana mnaoitamani kazi hii, jueni kwamba kamera hununuliwa dukani, lakini subira, uangalifu na uaminifu havinunuliwi. Asiyekuwa navyo, na asichukue furaha ya watu mikononi mwake.