Mlima Shengena Wenye Magurudumu 28

Kama umewahi kupita Lembeni, unaijua ile reli inayoambaa chini ya Milima ya Upare. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Leo treni zake huvutwa na dizeli. Injini za mvuke je? Nyingi ziliishia kuwa vyuma chakavu.

Lakini jina moja la Upare limesalia kwenye chuma. Mount Shengena, injini namba 5930, inatunzwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni mojawapo ya Garratt 34 zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Ina magurudumu 28 na uzito wa tani 250 hivi. Haikutengenezwa kwa ajili ya reli ya Lembeni. Kazi yake ilikuwa njia nzito ya Mombasa na Nairobi.

Sasa swali: injini kama hii ipakwe rangi na kusimama tu, au iwashwe?

Tuanzie jikoni. Maji yakichemka, mvuke huinua mfuniko wa sufuria, kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa takriban mara 1,600. Boila huubana mvuke huo mpaka mgandamizo ufike kama mara 15 ya ule wa hewa ya kawaida. Hapo maji huchemka kwenye nyuzi joto karibu 200, si 100. Ukifunguliwa njia, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha magurudumu.

Hatari iko kwenye kina cha maji. Yakipungua mpaka paa la tanuru likabaki kavu, chuma hulainika na kupasuka, na maji mengi hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja. Yaani mlipuko. Ndiyo maana paa hilo huwekewa kizibo cha risasi: joto likizidi, risasi inayeyuka, mvuke unaingia tanuruni na kumshtua fundi mapema.

Kuwasha kunachakaza, na vipuri vya asili hubadilishwa. Wanaosema injini ilale wana hoja. Ila injini iliyolala haimfundishi mtu kusoma kina cha maji wala kukwangua ukoko wa chokaa ndani ya boila. Huko Wales, mwaka 1951, watu wa kujitolea waliiokoa reli ndogo ya Talyllyn, ya kwanza duniani kuendeshwa hivyo, na bado inatembea. Mgeni hujifunza kwa mkongwe, spana mkononi.

Kwetu muda ni mfupi. Garratt za aina ya Shengena ziliacha kazi kufikia 1980. Kijana wa miaka 20 aliyeangalia moto wake wakati huo sasa amepita 60. Basi kama una babu au jirani mstaafu wa reli, iwe Lembeni, Same au Korogwe, mfuate na simu yako umrekodi. Muulize alijuaje kuwa maji yamepungua, na bomba likivuja njiani alifanyaje.