Taa ya Mlango wa Jikoni: Tulivyomchagulia Mama Kihisi

Mwezi Desemba uliopita mama wa mmoja wetu aliteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, kusini mwa Minneapolis. Ilikuwa saa tano na nusu usiku, akitoka zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwenye simu alimwambia mwanawe, “Nimejikwaa tu, usijali.” Ukweli tuliujua Jumapili, tulipokwenda kula kwake kama kawaida yetu. Tulikuta wali badala ya chapati. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na unga haukandwi kwa mkono mmoja.

Wenzetu mnaoishi bwenini huenda hamjui nyumba hizi zilivyo. Katika mitaa mingi ya zamani ya Minneapolis, gereji hujengwa peke yake mwisho wa kiwanja, ikitazama kichochoro. Mama huegesha gari gerejini, huvuka ua kama hatua 20, kisha hupanda vidato 4 hadi mlango wa jikoni. Juu ya mlango ipo taa yenye kihisi cha zamani ndani yake. Taa hiyo iliwaka Mama alipokwisha kufika kwenye ngazi, na siku nyingine haikuwaka kabisa. Kwao Tanga jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima. Hapa Desemba huzama kama saa kumi na nusu, na barafu haionekani gizani.

Tulijitolea sisi watatu: mmoja anasoma uhandisi, mmoja uuguzi, mmoja bado hajaamua. Mama alitupa sharti moja. “Sitaki kamera. Nataka kuona ninapokanyaga.”

Sensa au kihisi?

Tulianza vibaya. “Shikamoo Mama, tumekuja kukuwekea sensa.” Akaitikia marahaba, kisha akatushangaa. “Sensa tena? Si walituhesabu mwaka 2020?”

Tukarudi na neno la kamusi: kihisi mwendo. Hapo aliuliza swali lililotunyamazisha: “Kinahisije?” Tulikuwa tumesoma kurasa nyingi za Kiingereza na tungeweza kutaja kila istilahi, lakini jibu la Kiswahili hatukuwa nalo. Tulipojaribu kujieleza sisi wenyewe, tukagundua kwamba hata kwa Kiingereza hatukuwa nalo. Tulikuwa na majina tu. Tukajiwekea kanuni: hatununui kitu ambacho hatuwezi kumweleza Mama.

Baada ya wiki moja tulirudi na mfano huu. Kaa karibu na jiko la mkaa, ufumbe macho. Mtu akipita kati yako na jiko, utajua kuna aliyepita, ingawa hukumwona. Vihisi vingi vya taa za nje hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Havirushi chochote, hupokea tu joto litokalo kwenye miili, na hushtuka joto hilo linaposogea. Kile kifuniko cheupe cha plastiki kilicho mbele yake ni lenzi iliyogawanywa vipande, na kila kipande hutazama upande wake. Joto likihama kutoka kipande kimoja hadi kingine, kihisi hutoa ishara.

Mama akasema, “Kumbe kinasikia joto.” Tulicheka, kwa sababu sisi tuliokulia huku tulidhani kusikia ni kwa masikio. Mama husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu ya vitunguu. Neno lake lilitosha kabisa.

Vipo pia vihisi vya mawimbi mafupi ya redio. Hivi hurusha mawimbi na kusikiliza yanavyorudi. Hupenya ubao mwembamba, hushtuliwa na matawi yanayoyumba, na hula umeme zaidi. Kwa ua wenye mti mmoja mkubwa na kihisi cha betri, tuliviacha.

Kosa la dirisha

Kwa kuogopa baridi, tulifikiri tuwe wajanja: tukibandike kihisi ndani ya dirisha la jikoni, kitazame nje kupitia kioo. Tulikiazima kimoja tukajaribu. Mmoja wetu alirukaruka uani mpaka majirani wakachungulia, na taa haikuwaka. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga tunaouona, lakini huzuia joto la aina itokayo kwenye mwili wa mtu. Kwa kihisi cha namna hii, dirisha lililofungwa ni sawa na ukuta.

Jaribio hilo lilitufundisha jambo la pili. Hata nje, kihisi kilichowekwa juu ya mlango kilichelewa. Mama hutoka gerejini akiielekea nyumba moja kwa moja, na mtu anayekijia kihisi uso kwa uso hukaa muda mrefu ndani ya kipande kilekile cha lenzi. Anayekatiza mbele yake huvuka vipande vingi kwa haraka. Kwa hiyo kihisi kilipaswa kuwa kwenye kona ya gereji, kikimtazama Mama kwa ubavu anapotoka, na taa ibaki mlangoni.

Hapo ndipo tulipojua kwa nini tunahitaji kitu kisicho na waya. Kama taa na kihisi vingeweza kukaa mahali pamoja, taa ya kawaida yenye kihisi chake ingetosha, tena kwa bei ndogo. Lakini kuchimba ua na kupitisha waya hadi gerejini ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na Januari ardhi imeganda.

Baridi na betri

Mwanzoni tulivutiwa na taa za sola. Hazihitaji waya wala kubadilisha betri. Lakini mwishoni mwa Desemba mchana wa Minneapolis haufiki saa 9, theluji hufunika paneli, na betri nyingi zinazochajiwa, zile za lithiamu kama za simu, hazifai kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Taa ingekufa mwezi uleule inaohitajika.

Betri ndogo za kawaida za alkali nazo hudhoofika sana kwenye baridi, na zikifika karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri si za kutegemewa. Zipo betri za lithiamu za ukubwa uleule zisizochajiwa, zilizotengenezwa kustahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni ghali zaidi, na hizo ndizo tulizonunua.

Kihisi chenyewe kina mpaka wake pia. Vingi tulivyoviona vimeandikwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Hatukutaka kumdanganya Mama, kwa hiyo tulipanga jambo la pili: usiku wa baridi ya namna hiyo, taa iwake kwa saa badala ya kungoja kihisi, kuanzia saa tano hadi saa sita.

Usisahau koti. Koti zito likifanya kazi yake vizuri, upande wake wa nje huwa baridi karibu sawa na hewa, na kihisi hubaki na uso tu wa kusikia. Tuliongeza wepesi wake wa kushtuka hadi juu kabisa. Matokeo yake, sungura wa mtaani nao huwasha taa. Mama hakujali. “Sungura naye aone njia.”

Angalia pia namba inayoanza na herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP54 huvumilia kurushiwa matone. IP65 huvumilia maji ya bomba. Chetu kimekaa chini ya ukingo wa paa, hivyo 54 ilitosha.

Mawimbi na ukuta

Nyumba ya Mama ina plasta ya saruji kwa nje, na chini ya plasta ya nyumba za zamani mara nyingi kuna wavu wa chuma. Wavu huo hudhoofisha mawimbi ya redio. Ndiyo maana simu hupoteza Wi-Fi ukitoka uani.

Vihisi vya Wi-Fi tuliviacha, kwa kuwa humaliza betri mapema. Tulibaki na njia mbili. Z-Wave, kwa Marekani, hutumia masafa ya megahezi 908, na mawimbi ya masafa ya chini hupenya kuta vizuri zaidi. Zigbee hutumia gigahezi 2.4, ambayo hupenya kwa shida kidogo, lakini balbu zake ni rahisi kupatikana, na kila balbu yenye umeme wa ukutani hupokea ujumbe na kuupokeza mbele. Balbu ya mlangoni iko nje, inaonana na gereji bila ukuta kati yao. Kisanduku kinachoviongoza tulikiweka kwenye dirisha la jikoni, karibu na balbu. Tukachagua Zigbee.

Kisha tulizima intaneti ya nyumba makusudi, tukavuka ua. Taa iliwaka. Mfumo unaotegemea seva ya mbali ungetuacha gizani.

Swichi

Siku ya tatu taa haikuwaka. Tulikagua betri, programu na kisanduku. Kumbe mdogo wake rafiki yetu alikuwa amezima swichi ya ukutani, kama alivyofundishwa tangu utotoni katika nyumba ambamo Mama husema, “Mimi si TANESCO.” Balbu za namna hii zinahitaji umeme muda wote, hata zikiwa hazijawaka. Tulibandika karatasi juu ya swichi: USIZIME.

Kichochoro

Kona ya gereji inaona ua, lakini inaona pia kichochoro. Kila gari na kila mpita njia angewasha taa. Tulikata utepe mweusi, tukafunika sehemu ya lenzi inayotazama huko, na balbu tukaielekeza chini. Kichochoro ni cha watu wote. Baadhi yetu tumewahi kumulikwa ghafla tukipita mahali tulipokuwa na haki ya kupita, na tunajua jinsi mtu anavyojisikia. Taa hii ni ya anayerudi nyumbani.

Mwenzetu wa uuguzi alitukumbusha kwamba mwanga hauyeyushi barafu. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu baridi ikizidi, kwa hiyo tulimwaga mchanga, ambao Jiji la Minneapolis huwapa wakazi bure, na kukaza kishikio cha ngazi kilicholegea.

Ukitaka kununua, jiulize haya kwanza: Nani anapita, na anatokea upande gani? Je, taa na kihisi vinaweza kukaa pamoja? Usiku wa baridi kuliko wote una nyuzi ngapi? Ukuta umejengwa kwa nini? Intaneti ikikatika, itakuwaje? Na nani atazima swichi?

Mama amerudi kazini, na Jumapili iliyopita tulikula chapati. Taa huwaka akiwa bado hatua ya pili kutoka gerejini, na hubaki imewaka dakika 3 baada ya mwendo wa mwisho, muda unaomtosha kutafuta funguo kwenye mkoba.

Suala la neno bado hatujalimaliza. Sensa linagongana na lile la kuhesabu watu, na kihisi halimwambii Mama kitu mpaka aelezwe. Yeye mwenyewe anakiita msikizi. Tunawaomba walimu wetu na wanachama mje na maoni kwenye mkutano ujao.