Mizani 22 za Wanawake wa Kipashtuni

Ajuaye kazi ya kutunga ajua kuwa utungo mfupi ndio mgumu. Mwenye beti ishirini aweza kupoteza maneno matatu manne asionekane. Mwenye mishororo miwili hana pa kujificha. Wanawake wa Kipashtuni, ambao ni wenyeji wa kusini na mashariki ya Afghanistan na wa ng'ambo ya mpaka huko Pakistan, wametunga kwa mishororo miwili tu tangu enzi za bibi za bibi zao.

Tungo hizo huitwa landai. Katika Kipashto neno hilo lina maana ya kitu kifupi, tena ni jina la nyoka mdogo mwenye sumu. Sisi tungeziweka katika tathnia, lakini kanuni zake si zetu. Mshairi wa hapa apenda mishororo yake ilingane, 16 kwa 16. Landai husimama kwa mguu mfupi na mguu mrefu: mizani 9 mshororo wa kwanza, 13 wa pili, jumla 22. Vina si sharti. Litakiwalo ni utungo ukomee kwa sauti ya "ma" au "na".

Landai haina mwenyewe. Huimbwa kisimani, shambani na hasa harusini, wanawake wakiwa peke yao na dufu lao. Hakuna aulizaye nani katunga, na hapo ndipo penye hekima, kwani binti aliyeozwa kizee asiyemtaka aweza kumkejeli kwa mishororo miwili, kisha akasema ni maneno ya wakale, yeye kayarithi tu. Humo mna mapenzi yasiyosemeka mbele za watu, mna kilio cha aliyeachwa na msafiri, mna vita. Amwitaye mwanamke wa Kipashtuni bubu, basi hajasikia landai.

Mpashtuni gani asiyemjua Malalai? Husimuliwa kwamba tarehe 27 Julai 1880, huko Maiwand, karibu na Kandahar, wapiganaji walipolegea mbele ya jeshi la Waingereza, msichana huyo alijitokeza akawatolea landai ya kuwatia haya. Waingereza walishindwa siku ile, naye Malalai akafa papo hapo uwanjani. Wanahistoria na wabishane. Waafghani wamekwisha kuziita shule na hospitali kwa jina lake.

Aliyezipatia tungo hizi kitabu ni mwanamume, Sayd Bahodine Majrouh, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Kabul. Majeshi ya Urusi yalipoingia mwisho wa 1979, alihamia Peshawar, akaziandika kutoka vinywani mwa wanawake, wakimbizi miongoni mwao. Februari 1988 aliuawa huko huko kwa risasi.

Na wala mtu asidhani kuwa kutunga huko ni mchezo. Mwaka 2010, msichana mmoja wa Helmand, aliyekuwa akiwasomea kwa simu tungo zake wanachama wa Mirman Baheer, chama cha washairi wanawake wa Kabul, aligunduliwa na nduguze. Walimpiga. Akajitia moto, akafa.

Taliban walirudi madarakani Agosti 2021. Wasichana wakafungiwa masomo ya juu ya darasa la sita, na Desemba 2022 wakafungiwa vyuo vikuu. Haya yafanywa kwa jina la dini, basi na ielezwe pia kuwa Sheikh wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alitamka mwezi ule ule kwamba katazo hilo lapingana na sheria ya Kiislamu. Halafu Agosti 2024 ikatoka sheria ya kuhesabu hata sauti ya mwanamke kuwa kitu cha kusitiriwa: asiimbe wala asisome kwa sauti hadharani.

Waliotunga sheria hiyo ni Wapashtuni wengi wao, na sidhani kuwa mama zao hawakuwaimbia. Wanawake wa Kiafghani, wa ndani na wa ng'ambo, waliijibu siku zile zile: walijipiga picha za video wakiimba, wakazisambaza kwa simu. Baadhi yao walikuwa wamejifunika nyuso; sauti waliiacha wazi.