Vumbi la Madini na Urithi wa Mwili

Mkaazi wa Makomeno hahitaji kuelezwa shaba ni nini, kwani mji wake wa Lubumbashi ulizaliwa kwa ajili ya madini hayo, na tangu mwaka 1911, tanuri za kampuni ya Union Minière zilipoanza kuyeyusha, vumbi lake limekuwa likitua juu ya mapaa na kuingia katika udongo wa bustani. Walakini ni wachache wajuao kwamba shaba hiyo hiyo, pamoja na zinki kama ile ya Kipushi na manganizi kama ile ya Kisenge, imo pia ndani ya miili yetu, kwa kiasi kidogo mno, ikifanya kazi ambayo lau ingekoma tusingeishi.

Kila tuvutapo pumzi, seli zetu huitumia oksijeni kupatia nguvu, na katika kazi hiyo hutoka chembe kali zenye kudhuru kila zikigusacho, khasa DNA, yenye kubeba maagizo ya mwili kutoka kwa wazee wetu. Madhara hayo yakizidi kurundikana pasipo kutengenezwa, huenda seli moja ikaasi na kuzaana bila mpaka, na huo ndio mwanzo wa saratani. Dhidi ya adha hiyo maumbile yameweka vimeng'enya vya kutulinda. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliitambua kazi ya kimoja kati ya hivyo, superoksidi dismutasi, ambacho kiini chake ni shaba na zinki. Mwenzake, akaaye ndani ya mitokondria, yaani vijiko vya nguvu vya seli, hutumia manganizi. Hivi huzigeuza chembe zile kali kuwa peroksidi ya hidrojeni, nayo bado ni sumu, mpaka katalesi yenye chuma, au glutathioni peroksidesi yenye seleni, iigeuze kuwa maji matupu.

Basi kila kimeng'enya huumbwa kwa agizo la jeni, na jeni hazilingani kwa watu wote. Katika jeni ya kile chenye manganizi, iitwayo SOD2, badiliko la herufi moja tu hufanya baadhi ya watu wawe na kimeng'enya kiingiacho mitokondria kwa wepesi, na wengine wawe na kile ambacho sehemu yake hukwama njiani kama mgeni aliyezuiliwa mlangoni. Mtu angedhani mwenye chepesi ndiye aliyesalimika, ilhali mwaka 1999 Christine Ambrosone na wenzake huko Marekani walieleza kwamba miongoni mwa wanawake ambao hedhi yao haijakoma, wale waliorithi chepesi kwa baba na kwa mama walionekana kupatwa zaidi na saratani ya matiti, na zaidi tena waliokula matunda na mboga kwa uchache. Yamkini sababu yake ni kwamba mlinzi wa kwanza akienda mbio kuliko wa pili, peroksidi hulimbikizana. Uchunguzi mkubwa uliofuata haukuthibitisha kwamba jeni hiyo peke yake huleta maradhi, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika habari hii nzima: jeni si hukumu, bali uzito wake huonekana pale inapokutana na chakula, moshi na vumbi.

Na vumbi la Katanga, eneo hili letu la migodi, si jambo la kudhania. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaao chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na madini ya kobalti katika mkojo kwa wingi zaidi kuliko wakaao mbali. Mwaka 2018 wakatoa habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbwa mpaka ndani ya nyua za nyumba, ambako mikojo ya watoto ilionyesha dalili za DNA iliyodhurika kwa chembe zile zile kali. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaihesabu kobalti kuwa yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na aseniki na kadimiamu, zitokanazo nazo na migodi, zilikwisha kuthibitishwa kabla yake.

Mama wa Makomeno aoshaye lengalenga katika beseni, akabadili maji mara ya pili na ya tatu mpaka mchanga mwembamba usibaki chini, anafanya jambo la maana, ingawa madini yaliyonyonywa na mizizi hayaoshwi. Asishawishike kununua vidonge badala ya mboga, kwani huko Ufini wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, iliyomo pia katika mboga, walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kama ilivyotangazwa mwaka 1994.

Aghalabu jeni hizi zimechunguzwa katika damu ya watu wa Ulaya, Marekani na Asia, ilhali watu wa Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani. Kwa hiyo nawaomba waganga na wataalamu wa Lubumbashi, ambao wamekwisha kuupima mkojo wa watoto wetu, wazipime na jeni zao. Na wenye viwanda nawaomba walifunike vumbi lao leo, wasingoje majibu ya uchunguzi huo.